Naomba ushauri: Hiace ya zamani inazima ikipata moto, nashuku ignaita

Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota Hiace ya zamani, injini ya petroli yenye kabureta na distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi), ambayo asubuhi huwaka bila shida, lakini ikishapata moto kwenye foleni huzima ghafla na haiwaki tena mpaka ipoe. Inapozima, plagi hazitoi cheche kabisa, ilhali petroli inafika kwenye kabureta na mita inaonyesha volti 12 kwenye koili inayokuza umeme wa plagi nikifungua swichi. Ndiyo maana nashuku ignaita, yaani kifaa cha elektroniki kinachowasha na kukata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche, ingawa fundi wangu, ambaye kwake kila ugonjwa dawa yake ni spea mpya, anataka tununue distributa nzima.

Nijuavyo, koili ndogo ya kutoa ishara ndani ya distributa nayo ikichoka hukatika kwa joto na kuleta dalili hizohizo. Je, nizitofautisheje kabla ya kutoa fedha: nipime ukinzani wa koili hiyo ndogo ingali ya moto, au nipulizie ignaita peke yake hewa ya kompresa nione kama cheche zitarudi?

Na je, ignaita iliyotumika inaaminika, mradi nisafishe inapokaa na kupaka grisi ya kupitisha joto?