Tupeane uzoefu: mlango wa mashine ya kuoshea vyombo unapokataa kushika

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja wetu amekutana nayo pale ambapo mashine ya kuoshea vyombo imefungwa vizuri kwa macho, kitufe kimebonyezwa, kisha badala ya kuanza kazi inabaki kulia na kupepesa taa. Nauliza kwa sababu mafundi wengi wa mitaani kwetu wamezoea majokofu na mashine za kufulia, na hii ya vyombo huikuta kwa nadra, kwa hiyo jibu la haraka huwa ni kwamba komeo limekufa na liagizwe jingine.

Kwangu komeo lilikuwa zima. Kapu la juu hupandishwa na kushushwa kwa vishikio viwili vya pembeni, na kishikio cha kushoto hakikuwa kimeingia hadi mwisho, hivyo kapu likakaa mshazari na kuusukuma mlango kutoka ndani kwa milimita chache. Hizo zinatosha kabisa: ulimi wa komeo unaigusa kulabu bila kushika, nawe unaukandamiza mlango kwa goti ukidhani umechoka. Niliyatoa makapu yote mawili, nikaufunga mlango mashine ikiwa tupu, ukashika kwa mlio mmoja mkavu na maji yakaanza kuingia. Kipimo hiki hakigharimu chochote. Angalieni pia mwiko wa ugali: mpini ukichomoza nyuma ya kapu la chini hugonga ukuta wa ndani, na kapu haliingii lote.

Mchangiaji wa Mombasa

Nyumbani tunatumia maji ya kisima, ambayo ni magumu na yana chumvichumvi. Mlango ulianza kwa kushika leo na kukataa kesho, hadi nilipomulika tochi kwenye tundu la komeo na kuona ukoko mweupe wa chokaa ukiwa umeuzunguka ulimi, kiasi kwamba ukisukumwa kwa kidole unarudi polepole mno. Nilichomoa plagi, nikachovya kitambaa kwenye siki ya uvuguvugu, nikakikamua, nikapangusa kidogo kidogo na kumalizia kwa mswaki mkuukuu. Nasisitiza kukamua, kwa kuwa nyuma ya tundu hilo kuna swichi ya umeme, na kumimina siki humo ni kujitafutia ubovu wa pili. Mafuta ya kupikia nayo yasitumike, maana hugandamana na unga wa sabuni. Tangu tuanze kujaza ile chumvi maalumu ya kulainisha maji, ukoko umepungua sana, ingawa haukuisha.

Fundi, Nairobi

Naomba nieleze jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, kwa kuwa wateja wengi hukichanganya na mlango wa mashine ya kufulia. Ile ya nguo hufungwa kwa umeme na huchelewa kufunguka hata baada ya kuzimwa. Mashine nyingi za vyombo hushikwa na ulimi na kulabu tu, na unaweza kuzifungua katikati ya kazi. Ulimi ukishashika, hubonyeza swichi ndogo, moja au mbili kutegemea muundo, na hiyo ndiyo inayoiarifu bodi, yaani sakiti inayoongoza mashine, kwamba mlango umefungwa. Kwa hiyo sikilizeni kwanza. Mlango usiposhika kabisa, tafuteni kizuizi, kulabu iliyopinda au ulimi uliovunjika. Ukishika kwa mlio wake wa kawaida lakini mashine ikang'ang'ania kwamba uko wazi, hapo ndipo swichi au nyaya zinaposhukiwa.

Anayetaka kupima mwenyewe akate umeme kwanza, na kukata ni kuchomoa plagi au kuzima swichi kuu, wala si kubonyeza kitufe cha mashine. Kisha hulegeza skrubu zilizo ukingoni mwa upande wa ndani wa mlango, huku mtu wa pili akishika bamba la nje lisianguke. Wengi hawaelezwi kwamba springi za mlango zimepimwa kubeba uzito wa bamba hilo, kwa hiyo likishatoka, mlango ulioachwa wazi unaweza kuruka juu na kujifunga kwa kishindo, vidole vikiwa humo. Baada ya hapo chomoa nyaya za swichi na uweke multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye ohm. Swichi ya kawaida yenye miguu miwili, yaani ncha za kuchomekea nyaya, ikibonyezwa, husoma karibu na sifuri. Ikiachwa, mzunguko hukatika. Ikisoma namba zinazorukaruka, ncha zake za ndani zimeliwa na mvuke.

Swichi ikiwa nzima, fuata nyaya hadi kwenye bawaba. Hapo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na waya hukatika ndani huku ganda la nje likionekana zima. Nimewahi kubadilishiwa maelezo na mteja mara kwa mara, leo inaanza, kesho haianzi, hadi nilipouchezesha mlango taratibu huku multimita ikiwa imeunganishwa na kuona usomaji unapotea kwenye pembe moja tu.

Mwanzisha mada

Fundi wetu, kuna aliyenishauri niziunganishe nyaya mbili za swichi moja kwa moja ili mashine ifanye kazi wakati nasubiri kipuri. Unasemaje?

Fundi, Nairobi

Hapana. Mashine haitajua tena kama mlango uko wazi, na mtoto akiufungua katikati ya kazi atarushiwa maji yanayoweza kufika nyuzi 60 au zaidi pamoja na sabuni kali. Osheni kwa mikono hadi kipuri kifike.

Mchangiaji wa Minnesota

Huku Marekani nimepanga nyumba ambayo mashine imeingizwa chini ya kaunta na kushikiliwa juu kwa skrubu mbili. Skrubu hizo zililegea, na kila tulipovuta kapu la chini lililojaa sahani, mashine nzima iliinama mbele, mlango ukaanza kukwaruza kaunta na ulimi kupita pembeni mwa kulabu. Fundi wa mwenye nyumba aliweka pima maji, akasawazisha miguu, akakaza skrubu, basi. Komeo jipya alilokuja nalo aliondoka nalo.

Mchangiaji wa Muscat

Nyongeza fupi: baadhi ya mashine za siku hizi hujifungua zenyewe kidogo mwishoni ili vyombo vikauke. Someni kijitabu kabla ya kumwita mtu.

Mwanzisha mada

Kwa yule ambaye komeo lake limevunjika kweli, anaagizaje lililo sahihi?

Fundi, Nairobi

Fungua mlango utazame kwenye ukingo wake au ukingo wa tangi, kuna kibandiko chenye namba ya modeli; kipige picha nzima, usinakili kwa mkono, kwa sababu herufi moja ya mwisho inaweza kubadilisha kipuri. Makomeo hufanana sana kwa nje. Kabla ya kulipa, hesabu miguu ya swichi nyuma ya la zamani na ulinganishe na jipya.