Nachora kanga tu: madoa yananata ndani ya bomba, na dukani picha zote zinaonekana moja

Madoa_Msasani

Habari zenu wakuu. Nachora ndege mmoja tu, kanga, kwa mtindo wa Tingatinga: rangi ya mafuta ya kopo juu ya amerikani. Saizi zangu ni 30×40, 50×70 na 70×100 sm. Mauzo yote ni ya mtandaoni, wanunuzi wengi wako Ujerumani na Uingereza, na kitambaa kinasafiri kimeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu. Sitaki kubadili ndege, kwa hiyo tafadhali msinielekeze kwa twiga na simba.

Nimekwama sehemu nne. Madoa meupe yananata kwenye karatasi ya kufungia: nasubiri siku tano, kidole hakishiki rangi, lakini mzigo ukifunguliwa madoa yamelala bapa na mengine yamebaki kwenye karatasi. Nyeupe nayo inafika imekuwa ya krimu kama maziwa ya mgando. Tatu, ukurasa wa duka una picha 30 ambazo kwa mbali ni picha moja. Mtu anafungua mbili, anaondoka. Mwisho ni bei: nipime kwa eneo au kwa jumla ya pande (urefu + upana)?

FundiEnameli

Ndugu, kunata kunaanzia kwenye unene wa doa, karatasi inakuja baadaye. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza tapentaini inatoka, na hiyo ni kazi ya saa chache. Kisha mafuta yaliyomo yanavuta oksijeni ya hewani na kugeuka kuwa kitu kigumu, na hiyo ni kazi ya wiki. Oksijeni inaingilia juu. Doa lenye unene wa milimita moja linafunga ngozi siku ya kwanza, na ngozi hiyohiyo inazuia hewa isifike chini. Kidole chako kinagusa ngozi. Ndani bado uji.

Siku tano zinatosha kwa mandhari ya nyuma iliyopakwa nyepesi. Kwa madoa mazito hesabu wiki nne, na wakati wa masika hapa pwani wiki sita. Usikisie: kila unapopiga madoa, piga matatu ya ushahidi kwenye ukingo wa kitambaa utakaokunjwa nyuma ya fremu, rangi ileile, unene uleule. Siku ya kufunga mzigo, lipasue moja kwa wembe. Likikatika kavu hadi chini, funga. Likivutika kama gundi, rudisha ukutani.

Bora zaidi, punguza unene wenyewe. Piga doa la kwanza bapa kwa rangi ya kijivu iliyofifia, acha saa 24, kisha juu yake piga doa dogo jeupe, lisogeze kidogo upande unaotoka mwanga. Jicho linaliona limeinuka ilhali unene wa zote mbili haufiki nusu ya lile la zamani. Kwa vifaa, njiti ya kiberiti isiyo na kichwa ni ya shingoni, kichwa cha msumari wa inchi mbili ni cha mgongoni, na mpini wa brashi ni wa ubavuni. Chovya milimita mbili tu, upate madoa matatu kwa kila mchovyo: kubwa, la kati, dogo. Wengi huchovya kila doa, ndiyo maana kanga wao anaonekana amemwagiwa shanga za saizi moja. Kanga halisi ana madoa madogo shingoni na mgongoni, makubwa zaidi ubavuni, na kwenye manyoya ya nje ya bawa yanaungana kuwa mistari. Turubai ilale mezani wakati wa kupiga madoa, la sivyo yanatiririka na kuwa machozi.

Mambo mawili yanayoharibu kazi kimyakimya. La kwanza ni tina ya rangi ya magari: ni kali, inalainisha tabaka la chini na kulikunja kama ngozi ya mzee. Tumia tapentaini. La pili ni rangi ya maji ya bei ya chini kama tabaka la kwanza juu ya amerikani: ina chaki nyingi na gundi kidogo, kitambaa kikiviringishwa inapasuka na kubanduka pamoja na kila kilicho juu yake. Nunua iliyo nzuri, paka mara mbili nyepesi, piga msasa namba 320 kila tabaka likikauka.

Kuhusu krimu: nyeupe ya mafuta hugeuka njano ikikaa gizani, na ndani ya bomba ni giza tupu. Usihifadhi kazi zikiwa zimeviringishwa. Zitundike kwenye mwanga hadi siku ya kutuma. Mwandikie mnunuzi karatasi ndogo kwamba aitundike karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, wiki mbili au tatu. Sehemu kubwa ya weupe itarudi. Wengine hutia tone dogo sana la bluu kwenye nyeupe ili njano isionekane, lakini ukizidisha, madoa yanaonekana baridi kama taa ya hospitali.

Mama_Leso

Kaka Madoa, hapo kwenye kufanana nina la kusema, maana kurudia si kosa. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza karibu mwaka 1968 na kufariki 1972, na kwa muda huo mfupi alirudia sana mnyama mmoja mkubwa aliyejaza ubao wa mraba wa sentimita kama 60, mandhari ya nyuma tupu. Qi Baishi wa China alichora kamba wa majini kwa miongo kadhaa, akawa anapunguza miguu yao kadiri alivyozidi kuwaelewa. Shida yako ni kwamba unabadilisha kila kitu kidogokidogo: mandhari kidogo, mkao kidogo, nyasi kidogo. Mabadiliko madogo manne hayaonekani. Badiliko moja kubwa linaonekana.

Chukua mpangilio wa leso, ambayo tayari ina jina la ndege wako. Leso ina pindo (ukingo wa kuzunguka) na mji (sehemu ya katikati). Kwa mfululizo wa picha kumi, pindo liwe lilelile, rangi ileile, upana uleule, tuseme sm 4. Mji ndio ubadilike: kanga mmoja, kanga watatu, kanga na vifaranga kumi na wawili, kanga amegeuza mgongo. Mnunuzi akiziona pamoja anaelewa ni familia moja, halafu anaanza kuchagua. Mfululizo unaofuata, geuza: mkao mmoja, pindo na rangi ya mandhari vibadilike. Usibadilishe vyote viwili kwa wakati mmoja. Ila usinakili pindo la leso ya kiwandani. Hiyo ni kazi ya msanii mwingine.

Na kanga si mmoja. Yule wa kawaida ana pembe ya mfupa kichwani na vijinyama vyenye ncha nyekundu chini ya mdomo. Kororo wa msituni, kama wale wa Arabuko-Sokoke, ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojikunja. Kanga tumbusi wa nyika kavu za Kenya ana kichwa kipara, shingo ndefu, jicho jekundu, kifua cha bluu iliyokolea, na manyoya marefu ya mistari yanayoning'inia kutoka shingoni. Hawa watatu hata wakiwa kivuli cheusi kitupu unawatofautisha. Kwa mpenzi wa kanga huo ni utajiri, na hujamwacha ndege wako.

Jaribio la dukani ni hili. Punguza kila picha hadi upana wa pikseli 200, zipange zote kwenye skrini ya simu, kaa nayo mbali urefu wa mkono. Kwa saizi hiyo madoa hayapo tena, yamekuwa kijivu. Kilichobaki ni umbo la nje na rangi ya nyuma. Mbili zikichanganyana hapo, usiziweke jirani dukani.

PichaSafi

Naongezea upande wa kamera, maana madoa ya mafuta ni adui wa kamera. Kila doa lililoinuka ni kioo kidogo. Ukipiga na taa ya simu unapata vimulimuli mia tatu vyeupe ambavyo si madoa.

Tundika kazi wima kwenye baraza yenye kivuli, anga wazi iwe ubavuni mwako, isiwe mgongoni. Kama ni taa, ziwe mbili zinazolingana, kila moja pembe ya digrii 45, zimefunikwa shuka jeupe. Usisogee karibu na lenzi pana, kwani itavimbisha katikati na kupindisha pindo. Rudi nyuma mita mbili, tumia lenzi ya mara mbili. Lenzi ielekee katikati ya kazi kwa usawa. Weka karatasi nyeupe ya A4 pembeni kwenye picha ya kwanza, rekebisha rangi hadi karatasi iwe nyeupe kweli, kisha tumia marekebisho yaleyale kwa zote. Zima urembo wa simu unaonoa picha. Huchora duara jeusi kuzunguka kila doa.

Picha nne zinatosha kwa kila kazi: nzima, madoa ya ubavuni kwa karibu pamoja na rula, ukingo na mgongo wa turubai, na moja ikiwa ukutani juu ya kiti ili ukubwa uonekane. Ukitaka kuuza na chapa (nakala zilizochapwa), kwa sm 40×50 zenye nukta 300 kwa inchi unahitaji faili ya pikseli 4724×5906. Simu ikitoa chini ya hapo, uza chapa ndogo.

Na maneno yawe ya kweli. Kazi uliyochora kwa mkono haiandikwi 3/50, yaani nakala ya tatu kati ya hamsini. Namba hizo ni za chapa. Ipe kila turubai namba yake nyuma, mfano KN-031, na mwaka. Kama utakubali kuchora tena mkao uleule kwa oda, sema hivyo mapema, wala usiiite ya pekee.

Madoa_Msasani

Asanteni sana. Doa la ushahidi na leso nimevipokea kwa mikono miwili. Je, naviringisha rangi ikiwa ndani au nje? Nimekuwa nikiiweka ndani nikidhani inalindwa.

Bomba_Hamburg

Nje, kaka. Ikiwa ndani, rangi inabanwa na kufanya makunyanzi ambayo kunyoosha hakuyaondoi. Ikiwa nje inavutika kidogo, na ikinyooshwa inarudi mahali pake.

Kiini, yaani bomba la ndani unaloviringishia, kiwe cha plastiki chenye kipenyo cha inchi nne. Bomba jembamba zaidi ya hapo linavunja madoa. Juu ya rangi tanguliza karatasi ya kuokea yenye silikoni, viringisha bila kukaza, funga utepe wa kitambaa sehemu mbili, ndipo ufunike nailoni kuzuia unyevu. Nailoni isiguse rangi. Ile ya mapovu ndiyo mbaya kuliko zote, huacha alama za duara, na kwenye kanga duara zinafanana na madoa kiasi kwamba mnunuzi hajui lipi ni lako. Acha sm 5 za kitambaa kila upande kwa ajili ya fremu yenye kina cha sm 2. Kazi ya 50×70 ikatwe 60×80. Fundi fremu wa huku Ujerumani akikosa ukingo, atakunja pindo lako lenyewe.

Wasafirishaji wa haraka wengi hupima nafasi, si kilo pekee: urefu × upana × kimo kwa sm, gawanya kwa 5000. Kazi ya 70×100 yenye ukingo, ukiiviringisha ili upande wa sm 80 uwe urefu, inaingia bomba la nje la 15×15×85. Hiyo ni kilo 3.8 za malipo hata kama mizani inasoma moja na nusu. Ukiiviringisha kwa upande mrefu unalipia karibu kilo 5.2. Kazi mbili kwenye bomba moja haziongezi senti ya nafasi, kwa hiyo mpe punguzo anayenunua jozi.

Kwenye fomu ya forodha andika kwa Kiingereza kwamba ni mchoro halisi uliochorwa wote kwa mkono, rangi ya mafuta juu ya turubai ya pamba, bila fremu, weka namba yake ya KN na thamani ya kweli. Kundi lake la ushuru ni 9701. Kwa kundi hilo Ujerumani haitozi ushuru wa forodha, na kodi ya kuingiza ni asilimia 7. Uingereza ni asilimia 5. Ukiandika "mapambo" au "zawadi ya mikono" mteja anaweza kutozwa asilimia 19 huku, halafu anakulaumu wewe. Sinia na vikombe vilivyochorwa kanga havimo 9701, na chapa pia hazimo, ni 4911. Tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya hauna tena msamaha wa kodi hii kwa mizigo midogo, kwa hiyo mwambie mnunuzi kabla hajalipa.

FundiEnameli

Bei imesahaulika. Chukua mfano wa TSh 100 kwa sm mraba: 30×40 ni 120,000, 50×70 ni 350,000, na 70×100 ni 700,000. Kwa jumla ya pande mara 2,000, zinakuwa 140,000, 240,000 na 340,000. Tofauti ni kubwa, na jibu liko kwenye madoa. Kama turubai ikikua kanga na madoa yake vinakua pamoja, idadi ya madoa inabaki karibu ileile, kazi haiongezeki sana, tumia jumla ya pande. Kama madoa yanabaki madogo na kanga wanaongezeka, kazi inakua na eneo, toza kwa eneo. Vifaranga kumi na wawili wa Mama Leso ni wa eneo. Kisha ongeza gharama ya kiini, karatasi ya silikoni na bomba kama mstari wake, usiimeze ndani ya bei ya mchoro.

Mama_Leso

Vifaranga hawana madoa bado, fundi, wana mistari ya kahawia. Mpunguzie hapo.