Mbwa wangu mzee ameanza kung'ata watu wa nyumbani: nianzie wapi?

Mama wa Kisauni:
Hamjambo wenzangu. Nina mbwa dume wa miaka 11, Simba, niliyemlea tangu akienea kiganjani. Miaka yote hiyo amelinda ua wetu bila kumdhuru mtu, na hata muuza maji wa mkokoteni alikuwa akiingia na mitungi yake huku Simba amejilaza mlangoni. Tangu masika yalipokwisha amekuwa mwingine. Hunguruma mtu akipita karibu na alipolala, huonyesha meno akiguswa kichwani, na siku nne zilizopita alimng'ata mkono mpwa wangu wa miaka saba, aliyeinama kumtoa kupe sikioni. Tuliosha jeraha kwa maji na sabuni, tukampeleka mtoto hospitali akadungwa sindano ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Simba naye alichanjwa Februari, na kadi yake ninayo.

Mume wangu asema afungwe mnyororo mchana kutwa. Jirani asema mbwa akishaonja damu hana dawa, auawe. Mtu mwingine alinishauri nimchape kila angurumapo. Nilifanya hivyo mara mbili, na sasa hangurumi tena mbele yangu, ila hunikazia macho mwili ukiwa umekakamaa, jambo linalonitisha kuliko ule mngurumo. Huenda haihusiani, lakini siku hizi hula ugali na dagaa akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na chini ya jicho la kulia huvimba kidogo kisha pakanywea. Nilidhani ni nyigu.

Daktari wa mifugo, Likoni:
Dada, pole, na umpe mtoto pole zetu. Nianze naye: hakikisha anamaliza sindano zote kwa tarehe alizoandikiwa, hata kama mbwa ana kadi, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huua karibu kila mtu. Simba mweke ndani ya ua, asitoke, mwangalie hadi zitimie siku 10 tangu alipong'ata. Mbwa aliye na virusi mateni siku ya kung'ata huugua au hufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, hofu hiyo itakuwa imeondoka.

Sasa kuhusu uvimbe, ambao umeutaja mwisho nami ningeutanguliza. Lile gego kubwa la juu la mbwa lina mizizi inayofika karibu na chini ya jicho. Likivunjika, mara nyingi kwa mfupa mgumu, vijidudu huingia hadi mzizini, jipu hujaa usaha, huvimba hapo hapo unapopaeleza, hupasuka na kunywea, kisha huanza upya. Ukiongeza namna anavyoinamisha kichwa akila, na kwamba aling'ata aliposhikwa sikio, nashuku sana kwamba kichwa cha mbwa huyu kinauma. Sikio nalo lichunguzwe, maana joto na unyevu wa pwani hii huyaozesha masikio kimyakimya. Usijaribu kumfungua mdomo mwenyewe. Tena nakusihi usimpe dawa za maumivu za watu: ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na huyu figo zake zina miaka 11.

Kumchapa acheni leo. Mngurumo ni lugha yake ya kusema "niache". Ukimnyang'anya onyo hilo, maumivu yanabaki palepale, na siku nyingine atang'ata bila kutoa sauti. Wapo mbwa ambao hatimaye hulazimika kuuawa kwa sindano, nami nimewahi kuifanya kazi hiyo, lakini uamuzi huo haufanywi kabla mwili haujachunguzwa.

Mzee wa Mtopanga:
Bi mkubwa, niliyafanya makosa hayo, na bado yananiuma. Jike langu lilipofika miaka 13 lilianza kuwarukia wajukuu, nami nikalifunga mnyororo chini ya mwembe, likazidi ukali, kwa kuwa mnyama mwenye hofu akikosa pa kukimbilia hubakiwa na meno tu. Daktari alipokuja alisimama nyuma yake na kutikisa shada la funguo: halikugeuka. Lilikuwa kiziwi, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Kila aliyeligusa alikuwa kwake kama mwizi anayetokea gizani. Tulihamisha matandiko yake kutoka kwenye njia ya kwendea jikoni hadi pembeni penye ukuta, na kila mtu akajifunza kukanyaga chini kwa kishindo akiwa bado hatua kadhaa mbali, ili lisikie mtikisiko wa ardhi kabla ya mkono kulifikia. Liliishi mwaka mmoja na nusu zaidi bila kumng'ata mtu.

Mkaazi wa Bamburi:
Utakapompeleka kwa daktari usimfunge mdomo kwa kamba muda mrefu, kwani mbwa hupoza mwili kwa kutweta, na kwa joto la Mombasa anaweza kuzimia garini. Tafuta kile kikapu cha mdomoni chenye nafasi ya kuhema na kunywa maji. Anza siku chache kabla: weka kipande cha samaki asiye na miiba ndani yake, mwache atumbukize pua mwenyewe, wala usikifunge siku ya kwanza.

Mama wa Kisauni:
Nimerudi kuwashukuru. Siku 10 zilitimia Simba akiwa mzima, na mtoto anaendelea na sindano zake. Simba alipopewa dawa ya usingizi, baada ya damu yake kupimwa kwanza, daktari alinionyesha gego la juu la kulia: limepasuka wima, fizi imekuwa nyeusi, na lilipong'olewa usaha ulitoka kwa harufu iliyojaa chumba kizima. Nilisimama pale nikikumbuka siku mbili nilizomchapa, nikalia mbele ya watu.

Sasa anakula kwa pande zote mbili na hakichomoi tena kichwa mkononi mwangu. Hata hivyo bado hunguruma akishtuliwa usingizini, na zile funguo zimeonyesha kwamba sikio la kushoto halisikii vizuri. Watoto tumewakataza kumsogelea akiwa amelala; humwita kutoka mlangoni kwa kugonga sufuria, nao husubiri hadi ainuke aje mwenyewe. Kupe namtoa mimi, mchana, akiwa amesimama na kunitazama.