Naomba ushauri: volti 22 zinapotelea wapi?

Wakuu, hita ya maji ya wati 2000, volti 230. Ikiwaka inavuta ampea 7.8, kwenye mita ya umeme kuna volti 229, kwenye soketi 207 tu. Hita yenyewe nzima: 207 ÷ 7.8 = omu 26.5, na 230² ÷ 2000 inatoa hiyohiyo. Lakini nguvu inayoipata ni 207 × 7.8, kama wati 1615.

Njiani sasa: 22 ÷ 7.8 = omu 2.8, wati 172 za joto bure! Waya wa shaba 1.5 mm², mita 25, kwenda na kurudi hauzidi omu 0.6. Zilizobaki nashuku kiungo kilicholegea. Nianzie wapi: skrubu za soketi, boksi la maungio au breka? Laini na nyutro nizipime kila moja peke yake hita ikiwaka?