Sonata ina kiitikio? Nisaidieni nimsaidie mpwa wangu

Mpiga Kinanda wa Lamu:
Assalaam aleikum. Mimi hupiga kinanda harusini hapa Lamu. Muziki niliupata kwa masikio, sikuusomea. Mpwa wangu yuko sekondari na amepewa kazi ya kulinganisha nyimbo za popu na muziki wa klasiki. Wimbo wa popu haukumsumbua: ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, daraja, kiitikio tena. Kisha tukasikiliza sehemu ya kwanza ya Eine kleine Nachtmusik ya Mozart. Akaandika kwamba kiitikio ni pale mwanzo, kwa sababu panarudiwa. Mwalimu akapiga mstari mwekundu. Jana amelia barazani, anasema hana masikio. Masikio anayo, namjua. Tumekosea wapi?

Mwana Shela:
Mpe pole sana. Alichokisikia kipo, ila si kiitikio. Muziki huo umepangwa kwa muundo uitwao sonata. Zama za Mozart, kipande cha mwanzo cha muundo huo kwa kawaida kiliwekewa alama ya kurudia, basi msikilizaji huyashika mahadhi kabla hayajaanza kuvunjwavunjwa. Na mahadhi makuu ni mawili. Ya kwanza yako kwenye ufunguo wa G (do ni G), ya pili yamehamia ufunguo wa D, yaani so imegeuka kuwa do mpya. Katikati vipande vinahamahama. Mwishoni yote mawili yanarudi, na safari hii hata yale ya pili yako G. Hapo ndipo penye utamu wote wa sonata! Kiitikio cha popu kwa kawaida hurudi kile kile. Haya ya pili yanarudi yakiwa yamehamia nyumbani. Mshikie G kwenye kinanda tangu mwanzo, usiiachie, asikilize wapi inagombana na muziki na wapi inakaa.

Maalim wa Nyimbo:
Akitaka kitu cha klasiki kinachokaribia kiitikio, atafute rondo. Für Elise ya Beethoven ni mfano mzuri: mahadhi ya mwanzo yanakuja, yanapishwa na mengine, yanarudi, yanapishwa tena, yanarudi. Ila rondo huanza nayo, ilhali popu mara nyingi hutanguliza ubeti.

Kijana wa Malindi:
Naomba na roki isionewe. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, aliandika Bohemian Rhapsody, bendi yake Queen wakaitoa 1975. Karibu dakika 6 na haina kiitikio: kuimba taratibu na piano, gitaa, opera, roki nzito, halafu utulivu. Aiweke kwenye kazi yake, inafaa kabisa.

Mpiga Kinanda wa Lamu:
Mwana Shela, Mungu akuzidishie. Tumejaribu baada ya isha. Nimeshikilia G kwa kidole kimoja. Mahadhi ya pili yalipoingia akakunja uso. Yaliporudi mwishoni alinyanyua mkono kabla sijamuuliza, akasema, "Mjomba, sasa imekaa." Anaandika upya hivi sasa, na Für Elise inasubiri kesho.