Kozi ya uraia: tuiongezee alama, ao tuibadilishe kwanza?

Mwalimu, Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, tujadili. Kwenye biletini ya shule yetu, ECM, yaani kozi ya uraia na maadili, ina maksima 10 tu. Mtoto akipata 3, baba anatazama hesabu na Kifaransa, anatia sahihi, basi. Na Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 45, inailazimisha leta, yaani serikali, kufundisha Katiba yenyewe na haki za binadamu. Mimi nasema kozi ipewe uzito, na anayeifundisha vizuri atambuliwe.

Ila nina la kuungama. Juzi mwanafunzi wa umanite, yaani sekondari, alinisomea kifungu cha 18 cha Katiba kwa Kifaransa bila kuruka neno. Nikamuuliza: garde à vue ni nini? Akawaza, akajibu: "Ni mlinzi wa macho." Darasa likaangua kicheko: ni kushikiliwa na polisi, na kifungu hicho kinakataza kupita masaa 48. Mimi nilicheka nusu, maana aliyemfundisha ni mimi.

Fundi magari, Kenya (komine ya hapa Lubumbashi): Sheria hailali kasho, yaani mahabusu, mwalimu. Mpwa wangu alimwambia polisi kwamba masaa 48 yamepita. Alikula kofi: "Weye ni avoka, mwanasheria?" Alitoka siku ya nne, na ni franga za mama yake ndizo zilizomtoa. Mnawafundisha watoto maneno ya kupigiwa.

Mama, Kamalondo: Pole, baba fundi. Lakini nikuulize: mama yake alijua hesabu ya hayo masaa? Kijana alikuwa peke yake na kifungu chake. Wangekuwa mama, jirani na mukubwa wa avenue pale mlangoni, wote wanahesabu, kofi lingekuwa zito kulipiga. Halafu kifungu hichohicho cha 45 kinataka polisi na askari nao wafundishwe haki za binadamu. Tusiwabebeshe watoto peke yao.

Baba wa wanafunzi, Ruashi: Tangu elimu ya msingi iwe bure 2019, mtoto wangu anabanana na wenzake kwenye banki moja, benchi la darasani. Mabanki kwanza.

Mwalimu, Katuba: Kwa mabanki sina jibu, baba.

Fundi, kofi lako limenirudisha kwenye kile kifungu cha 18. Kinasema mtu akikamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Angalieni mambo hayo: haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, tunaifundisha kwa lugha ambayo mtoto anaikariri kama sala ya Kilatini! Na kifungu cha 142 kinataka sheria zitangazwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, ndani ya siku 60.

Basi alama nazidai bado, ila si kwa kozi hii ninayoifundisha sasa. Jumatatu ubaoni ni Kiswahili. Mmoja atakuwa polisi, mmoja kijana aliyekamatwa, mmoja mama aliyefika na bukari (ugali) kwenye sahani, anauliza mtoto wake aliingia saa ngapi.

Fundi magari, Kenya: Nitakuletea mpwa wangu. Sehemu ya kofi anaijua.