Naomba ushauri: mchango wa uji shuleni, wasioweza tuwafanyeje?

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mjumbe mpya wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu. Shule inafunguliwa Januari na kikao kimepitisha kila mzazi alete debe moja la mahindi na shilingi 5,000 za mpishi na kuni, watoto wapate uji saa nne.

Uji naunga mkono kwa moyo wote. Mwaka huu nilimshuhudia mtoto wa darasa la pili amelalia dawati, mwenzake ananong'ona, "Hajala tangu jana." Iliniuma sana.

Shida ni mjumbe mmoja aliyependekeza asiyelipa arudishwe nyumbani. Nilipinga. Elimu bila malipo ipo hapa Tanzania tangu 2016, na waraka wa serikali unakataza mtoto kufukuzwa kwa sababu ya mchango. Wakanijibu, "Basi nani atalisha wa bure?" Nikakosa jibu.

Wazazi kama kumi hivi, wengi bibi wanaolea wajukuu, hawana hilo debe. Shule ina ekari mbili zimelala tu. Waliowahi kulima shamba la shule, mahindi yalitosha? Na hao bibi mliwasaidiaje bila kuwaaibisha? Mkutano wa wazazi ni Jumamosi.